Sekunde Nne

Leo kinyozi Vendelín kafunga kazi saa nane mchana.
Ubao wa bei (nywele, ndevu, watoto nusu)
kaufuta kwa kiganja,
kaandika majina ya wanaoweza kulivaa Taji la Chumvi.
Malkia Orsa, tatu kwa moja.
Mwanaharamu mwenye jicho la fedha, tano kwa moja.
Joka lenyewe, mia kwa moja:
hilo dau la Zdenko, na Zdenko habishiki.

Miaka tisa ngome yetu haikuwa yetu.
Walikuja na malori kutoka Bratislava,
wakazipaka kuta masizi,
wakamwaga theluji ya karatasi katikati ya Julai,
wakatuuliza: nani anajua kuanguka?

Nusu ya mji tulijua.
Muuza mikate kafa mara mbili,
ya pili kabandikwa ndevu.
Mwalimu wa hesabu kafa kwa mshale
akaamka analalamika
kwamba mshale haupindi vile.
Basi msitucheke tukibishana.
Aliyechinjiwa ndugu, hata kwa rangi ya kopo,
ana haki ya kujua kesi iliishaje.

Baa ya Radka imejaa hadi ngazini.
Radka anasema Orsa ni maiti tangu msimu wa nne,
tazameni kivuli chake;
kakipima kwenye kioo kwa rula ya mwanawe.
Padri Kazimír hatazami mambo haya, kasema,
hana nafasi, kasema,
ila yule mchawi ndiye baba wa mwanaharamu,
piga ua.

“Na wewe, Blažena?”
Vendelín kaleta chaki hadi mezani kwangu.
Nikaweka euro ishirini.
Nikasema: wafu watainuka.
“Wafu gani?”
Wa darajani. Msimu wa pili.
Mchawi aliwainamia akasema,
laleni, nitawahitaji tena.
Ahadi ni deni, Vendelín,
hata mchawi analipa.

Hakuna aliyecheka. Wanajua nani yuko pale,
wa tatu kutoka kushoto, kofia ya chuma imempwaya,
kaipa kamera mgongo.
Sekunde nne.
Imrich alianguka vizuri, walimsifu,
goti bovu likatangulia.
Novemba ile ile akaanguka jikoni,
goti likatangulia,
na hapakuwa na mtu wa kupaza sauti: turudie.

Saa nne na dakika kumi na saba ikaisha.
Taji likaenda kwa kijana wa farasi,
aliyesema sentensi kumi na moja kwa miaka tisa,
nne kati ya hizo akiwaambia farasi.
Dau lake hakuweka mtu.
Zdenko katupa kofia kwenye supu ya jirani.
Mwalimu kasimama juu ya kiti akidai hatua za hesabu,
jibu bila njia ni sifuri, sifuri!
Padri katoka nje, kasema neno
ambalo itabidi ajiungamie mwenyewe.

Daraja walilionyesha. Mara moja.
Theluji ya kweli safari hii,
na mtu kalifagia.
Hapakuwa na hata kofia.

Nimerudi nyumbani na viatu mkononi.
Nimetafuta msimu wa pili, dakika ya arobaini na moja.
Anaanguka.
Kidole changu kiko kwenye kitufe cha kurudisha nyuma,
nabonyeza polepole, kama mtu anayefungua mlango
wa chumba alicholala mtoto.
Mkono unauacha udongo.
Kofia inapanda.
Mgongo unanyooka, ule mgongo,
na goti, goti lile, ndilo la mwisho kunyanyuka.

Kasimama.
Nimehesabu: sekunde nne, na nyingine nne, na nyingine.

Kesho asubuhi na mapema, kabla hajaandika bei za ndevu,
nitamdai Vendelín.